Video Iliyoganda Kwenye Runinga ya Blender

Mtu wa kwanza niliyemweleza kwamba video yangu imeganda ndani ya Blender, programu ya kutengeneza picha na filamu za 3D, alinishauri ninunue kadi mpya ya michoro, ambayo bei yake ingemeza malipo yote ya kazi ile na kudai nyongeza. Ushauri huo uliniudhi, kwa sababu kadi ikielemewa picha hukwamakwama. Haitulii kwenye fremu ya kwanza, yaani picha ya kwanza kati ya zile zinazounda video, kana kwamba imepigwa msumari.

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la duka la samani: sebule ya 3D yenye runinga ukutani, na ndani ya runinga hiyo video ambayo mwenye duka alijipiga kwa simu. Nilifungua mipangilio ya nodi ya picha, kile kisehemu kinachoibandika video kwenye runinga, nikakuta idadi ya fremu imeandikwa 1 na kisanduku cha Auto Refresh, kinachoifanya picha ibadilike kadiri fremu zinavyosonga, hakina alama. Niliporekebisha hayo mawili, video ikatembea bila kadi yoyote kununuliwa.

Hata hivyo, mwenye duka alipopiga kofi juu ya kochi, sauti ilitangulia kiganja. Blender huoanisha fremu ya video na fremu ya mradi moja kwa moja, na mradi wangu ulikuwa na fremu 24 kwa sekunde ilhali simu ilirekodi takribani 30. Nikaupandisha mradi hadi 30. Mwanzo ukakaa sawa, lakini mbele kidogo kiganja ndicho kikatangulia sauti, kwa kuwa simu hupunguza fremu mahali penye mwanga hafifu.

Hapo ndipo nilipoivunja video yote kuwa picha, kwa mstari mmoja wa ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za maandishi, ambao ninauonea fahari hadi leo:

ffmpeg -i duka.mp4 -vf fps=30 picha_%04d.png

Amri hiyo hurudia picha pale simu iliporuka, kwa hiyo sekunde 20 huzaa picha 600 kamili, nawe unaweza kuzihesabu kabla ya kuziingiza kama mfululizo wa picha. Folda yake isihamishwe ovyo, la sivyo runinga itageuka rangi ya waridi kali, ambayo ndiyo alama ya Blender ya picha isiyopatikana.

Ilibaki rangi iliyopauka. Tangu toleo la 4.0, Blender huanza na AgX, mpangilio wa jinsi rangi zinavyoonyeshwa kwenye skrini, ambao hufifisha video iliyokwisha kukamilishwa rangi zake. Badala yake nikaweka mpangilio wa Standard, kisha nikalazimika kupunguza taa ya dirishani, maana mpangilio huo hugusa sebule nzima na pazia lilikuwa limeungua kwa weupe.