Mkanda wa The Open kwa ngozi ya sangara: nyekundu imekubali!

Imekubali jamani! Nimekata kipande pembeni, rangi imepita toka juu mpaka chini, sio ile ya kukaa usoni tu halafu katikati kweupe.

Kwa mliojiunga juzi: natengeneza mfano wa ule mkanda wa kwanza wa ubingwa wa The Open, mashindano ya gofu, maana watu wakisikia The Open wanawaza jagi la fedha la bingwa tu. Mwaka 1860 pale Prestwick, Uskoti, walicheza watu 8 wa kulipwa, uwanja wa mashimo 12 wakauzunguka mara tatu siku hiyohiyo, Willie Park akashinda kwa mikwaju 174 (gofu mikwaju michache ndio ushindi), Tom Morris mkubwa 176, na mshindi akavishwa mkanda wa ngozi nyekundu wenye kichwa cha fedha. Hela hamna! Bingwa kaanza kupewa chochote mfukoni 1864, pauni 6.

Ule wa kwao ulikuwa ngozi ya mbuzi na kwa mbuzi ningemaliza zamani, ila naishi Mwanza bwana, lazima awe sangara, hata kama sangara mwenyewe ni mhamiaji, kaletwa ziwani miaka ya 1950.

Kuparua ngozi na kuiloweka kwenye magome sirudii, nilishaeleza. Kilichonitoa jasho ni rangi. Zile rangi za ukindu za sokoni zinataka maji yanayochemka, msuka mikeka yeyote atakwambia, na ngozi ya samaki haitaki moto hata kidogo, inajikunja kama dagaa wa kukaanga na ikishajikunja ndio basi tena. Ukipoza, rangi inagoma kuingia, unasugua na kidole kidole ndio kinakuwa chekundu. Halafu mabaka! Mgongoni nyekundu, tumboni pinki, kuna siku nilitamani niitupe yote ziwani nifuge kuku.

Mchawi alikuwa mafuta. Sangara ana mafuta balaa, tumboni ndio zaidi, na palipo na mafuta rangi haishiki. Sasa naosha kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, nasugua upande wa nyama, namwaga, narudia, halafu napima hivi: dondosha tone moja la maji juu ya ngozi, likisimama duara bado kuna mafuta, likinywewa papo hapo uko tayari. Rangi nayeyusha na maji machache ya moto, nachuja kwa kitambaa, nasubiri mpaka mkono unavumilia ndio nazamisha ngozi, nageuzageuza, na siki inakuja mwishoni kidogokidogo. Siki ndio inashikisha. Asubuhi maji ya beseni yamebaki karibu meupe, rangi yote imehamia kwenye ngozi, na vile vifuko yalimokaa magamba vimenywa zaidi kingoni, vimetoka na mstari mweusimweusi kila kimoja. Mbuzi hana hicho kitu.

Mama mwenye nyumba kapita uani kaona beseni jekundu. "We baba, unachinja nini huko?" Shikamoo mama, nampaka sangara rangi. "Marahaba. Samaki wa kuliwa na watu unampaka rangi?" Akaondoka anacheka.

Kushona: uzi wa ngozi wa kuagiza achaneni nao, bei kubwa kazi hamna. Uzi wa nailoni wa washona nyavu, upitishe kwenye nta ya nyuki, toboa kwanza na msumari ulionolewa ndio upitishe shazia. Na kuparua kijiko cha bati kinashinda kisu chochote, nitabishana na yeyote.

Hatua iliyofuata ilikuwa kichwa cha mkanda ila nimekiweka pembeni, kuna kitu kimeniteka. Sheria ilisema ukichukua mara tatu mfululizo mkanda ni wako, basi Tom Morris mdogo akachukua 1868 akiwa na miaka 17, 1869, na 1870 kwa mikwaju 149, kamuacha wa pili kwa 12, akaenda nao nyumbani. Baba yake ndio alikuwa bingwa wa 1867, ana miaka 46! Sasa 1871 mashindano hayakuwepo, zawadi imeondoka na hakuna nyingine. Wazee wazima, klabu yenye heshima zake, wameshindwa kutafuta hata kikombe! Mwishowe klabu tatu zikachanga pauni 10 kila moja, lile jagi la fedha, Claret Jug, likatengenezwa, ila 1872 halikuwahi kuwa tayari, Tom mdogo kashinda tena kapewa medali, aliyelishika wa kwanza ni Tom Kidd 1873. Jina la kwanza kuchorwa lakini ni la Tom mdogo.

Kwa hiyo nataka jagi. La bati. Fundi wa masufuria huku mtaani kasema mwili sio shida, ila shingo na mpini hawezi kukata kwa picha ya mbele peke yake. Mwenye picha safi ya ubavuni anitumie, Jumamosi namfuata tena.