Nilivyokaa na Wazazi Kuhusu Vishikwambi vya Darasa la Awali

Ninafundisha darasa la awali katika shule moja jijini Tanga, watoto wa miaka minne na mitano. Uongozi wa shule ulipoamua kununua vishikwambi vichache kwa ajili ya darasa langu, nilikabidhiwa pia kazi ya kuwaeleza wazazi, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Ninaiandika kwa sababu walimu wa awali hufundishwa kupanga somo na kutengeneza zana, lakini ni mara chache tukafundishwa namna ya kukaa na mzazi aliyeingiwa na hofu, au aliyefurahi kupita kiasi, ambaye kwa maoni yangu ni mgumu zaidi.

Kikao cha wazazi hakikunipa picha ya kweli. Waliosimama kusema ni wale wanaosimama siku zote, na karibu wote waliunga mkono: dunia imebadilika, mtoto asiachwe nyuma, hata walimu wa serikali wamegawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, kwa nini watoto wasiguse. Kikao kilifungwa kwa makofi. Asubuhi iliyofuata, getini, wakaanza kunijia wale walionyamaza, mmoja mmoja na kwa sauti ya chini. Mama mmoja alisema, “Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta hapa apumzike na simu, sasa na ninyi mnampa nyingine kubwa zaidi?”

Tangu siku ile nikaacha kutegemea kikao, nikahamia getini. Saa za kuleta na kuchukua watoto nilimuuliza kila mzazi mambo mawili tu: unahofia nini, na mtoto akiwa nyumbani anaishika simu wakati gani. Swali la pili ndilo lililofungua mambo. Wengi walinitazama kwanza kana kwamba nimewashika ugoni. Mama anayekaanga mihogo jioni humpa mtoto simu ili asisogelee mafuta ya moto. Baba anayerudi usiku humwachia simu ili alale. Dada wa kazi humpa ili ale. Walipoona simlaumu mtu walifunguka, nami nikaelewa kwamba baadhi ya waliotetea vishikwambi kwa nguvu kule kikaoni walikuwa wakijitetea wenyewe: ikiwa shule nayo inatumia, basi lile la nyumbani si kosa. Na baadhi ya waliopinga walikuwa wameshindwa vita hivyo nyumbani, wakitumaini kwamba shuleni kuna mtu atakayewashindia. Hofu nyingine zilikuwepo, za macho, za michango mipya, za katuni zenye maadili yasiyo yetu, lakini karibu kila mazungumzo yalirudi kwenye simu ya nyumbani.

Baba mmoja alikuja na hoja iliyonilazimu kufikiri vizuri. Mkoa wetu si mgeni wa jambo hili. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililomalizika mwaka 2019, lilifanyiwa majaribio katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, ambako watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na vijijini humo vikawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa kiasi cha nusu. “Kama wale wa kijijini wameweza,” akaniuliza, “hawa wetu wa mjini mnawabania nini?” Nilimjibu kwamba matokeo yale ninayaheshimu, ila wale walikuwa wakubwa kuliko hawa, wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani, na kifaa kilishika nafasi ya mwalimu ambaye hakuwepo. Hapa mwalimu yupo, na mtoto wa miaka minne bado anajifunza kushika penseli, kusubiri zamu yake na kumaliza ugomvi bila kuuma. Hakuridhika sana, lakini alikubali kwamba tunazungumzia watoto wa aina mbili.

Mzazi mwingine, ambaye ni muuguzi, aliuliza moja kwa moja kuhusu muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Unataka pia acheze na kujongea kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku. Nilipowaeleza wenzake jambo hili, nilisisitiza kwamba saa hiyo ni ya siku nzima na si ya shule peke yake. Dakika 20 za darasani zinatoka kwenye hesabu ileile ya jikoni na ya kitandani. Hapo ndipo baadhi ya waliokuwa wakidai kila mtoto apate kishikwambi chake walipoanza kupiga hesabu upya.

Niliyojifunza getini niliyageuza kuwa masharti ya maandishi, nikayabandika mlangoni. Vishikwambi havina laini wala intaneti. Kimoja hutumiwa na watoto wanne au watano kwa pamoja, mwalimu akiwa kati yao. Havitolewi kama zawadi, havitumiki kumnyamazisha anayelia, na kona za kujifunzia zenye vizibo, mbegu na udongo wa mfinyanzi hazipunguzwi hata moja. Kisha nikawakaribisha wazazi waje kukaa darasani asubuhi, wawili au watatu kwa siku, kwenye vile viti vidogo vinavyowaumiza magoti.

Waliyoyaona hayakuwa waliyoyatarajia. Kazi tuliyoipenda zaidi ni kurekodi sauti: watoto wanasimulia hadithi kwa kupokezana, halafu wanajisikiliza na kubishana nani ameruka wapi. Bibi mmoja, aliyekuwa mpinzani mkubwa, alikuja na mjukuu wake, nami nikamwomba atupe hadithi. Akaanza, “Paukwa!” na darasa zima likaitika, “Pakawa!” Tuliirekodi hadithi ya sungura mpaka mwisho, na watoto wakaidai tena siku nyingi. Nilipomuuliza anaonaje sasa, alijibu, “Hilo la sauti sawa, mwanangu. Hayo mengine ya vidole vidole bado siyapendi.” Sikuona sababu ya kumbembeleza zaidi.

Jambo ambalo sikulitegemea kuwa zito ni picha. Tulikuwa tukituma picha za darasani kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mzazi mmoja akaweka kwenye stetasi yake picha iliyomwonyesha mtoto wa mwenzake. Baba wa mtoto huyo alikuja akiwa mtulivu, jambo lililonitia wasiwasi kuliko angekuja na makelele. Alikuwa na haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Sasa fomu ya ridhaa inatenganisha mambo matatu: kupigwa picha, kurekodiwa sauti, na kutumwa kwa chochote nje ya darasa, na mzazi anaweza kukubali moja akakataa mengine. Katika kundi anayetuma picha ni mwalimu peke yake, na nyingi huonyesha mikono na kazi ya mtoto badala ya uso. Wazazi kadhaa waliokuwa wakipinga vishikwambi vyenyewe walilegea baada ya fomu hiyo, maana walichokosa tangu mwanzo ni uwezo wa kusema hapana kwa sehemu moja bila kuonekana wanapinga maendeleo.

Wapo waliokataa yote, na watoto wao hufanya somo lilelile kwa kadi za picha na mwalimu msaidizi. Huchungulia upande wa wenzao, ndiyo, na wenzao huja kuchungulia kadi. Yule baba wa hoja ya vijijini bado anataka kila mtoto awe na kishikwambi chake. Nimemwalika aje akae nasi asubuhi moja kama wengine. Anasema atakuja akipata nafasi kazini, na kila muhula ninamkumbusha.