Urithi wa Washairi wa Ulimbwende katika Nyimbo za Leo

Yanapozungumzwa mchango wa ushairi wa ulimbwende (Romanticism), yaani ule wa Ulaya wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 uliotanguliza hisia, katika nyimbo za kisasa, mifano inayotangulia huwa ni ile iliyo wazi: bendi ya roki ya Iron Maiden walivyoligeuza shairi refu la Samuel Taylor Coleridge kuhusu baharia mzee kuwa wimbo wa zaidi ya dakika 13 mwaka 1984, au Taylor Swift alivyoimba, mwaka 2020, kuhusu maziwa ya kaskazini mwa Uingereza walikoishi baadhi ya washairi hao. Naipenda mifano hiyo, ila naamini ndiyo sehemu ndogo kabisa ya urithi wenyewe.

Sehemu kubwa imo katika nyimbo zisizomtaja mshairi yeyote. Mwaka 1798 mshairi William Wordsworth na mwenzake Coleridge walichapisha mkusanyo wa mashairi, *Lyrical Ballads*, na katika dibaji iliyoongezwa kwenye toleo la 1800 Wordsworth alitetea ushairi unaotumia lugha inayosemwa na watu, ambamo hisia ndizo zinazolipa tukio uzito, wala si tukio linalozipa hisia uzito. Kwa msimamo huo, mzee mchunga kondoo ambaye mwanawe amepotelea mjini alistahili kuliliwa katika beti kama walivyoliliwa wafalme. Mwimbaji wa leo anayetunga wimbo mzima juu ya simu isiyopigwa, akisema "mimi" tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuhitaji vita wala shujaa, anapita katika njia iliyopanuliwa na washairi hao.

Nao pia walikuwa wamekopa kwa waimbaji. Ubeti wa mishororo minne, wenye mikazo (silabi zinazotiliwa nguvu) minne na mitatu kwa kupokezana, waliutoa katika tenzi za masimulizi zilizoimbwa na watu wa kawaida. Na Robert Burns, mshairi wa Uskoti aliyewatangulia kidogo, alitumia miaka yake ya mwisho kukusanya na kuzitengeneza upya nyimbo za Uskoti. Sishangai, basi, kwamba mwanamuziki Bob Dylan alipoulizwa mwaka 2008 ni maneno gani yaliyomwathiri zaidi, alilitaja shairi la Burns la waridi jekundu.

Linalonisikitisha ni kwamba nusu ya fundisho la Wordsworth imeachwa nyuma. Alisema ushairi ni hisia kali zinazofurika zenyewe, na watunzi wengi wa sasa wameishia hapo. Lakini aliongeza kwamba chimbuko lake ni hisia zinazokumbukwa katika utulivu. Nyimbo nyingi za kuachana ninazozisikia zina mafuriko tu: hasira ya usiku uleule, ambayo haijapata muda wa kuchagua maneno. Ilhali mwanamuziki Eric Clapton, katika wimbo wa 1992 unaomhusu mwanawe aliyefariki mwaka uliotangulia, hapigi yowe hata mara moja. Anamuuliza mtoto, kwa maneno ambayo yeyote angeweza kuyasema, kama angemtambua baba yake huko mbinguni.