Mkia wa pomboo na swali la Mjomba

Wiki nzima kazini mnada wa korosho umeendeshwa, bosi mpya ameripoti, dada kapanda basi kwenda Dar na karudi salama, na mimi muda wote huo nilikuwa natafuna swali moja aliloliuliza Mjomba Jumamosi usiku, kakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, mapajani.

"Mkia ule shilingi ngapi?"

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Na usingizi sipati.

Profesa wetu, yule mtoto wa hapa nyumbani, mnajua, yuko kwenye msimu wake wa wanyama majeruhi. Tumeshapita mbwa, tumepita farasi, tumepita mabata bukini yatima. Kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi kamzoea, akimwona tu anauliza, "Leo nani kavunjika?" Zote njia yao ni moja. Mtoto mpweke, baba hayupo au mama amefariki, mnyama anaokotwa na jeraha lake, watu wazima wanasema huyu haponi, mtoto anasema atapona, muziki unapanda, mimi nalia. Nalia kila mara, na ninajua kabisa machozi yamewekwa dakika ya ngapi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya pomboo. Filamu inaitwa Dolphin Tale, ya mwaka 2011, na kabla hamjaniambia hizo ni hadithi za Wazungu, pomboo mwenyewe alikuwepo kweli. Jike, aliitwa Winter. Desemba 2005, akiwa bado mtoto, alinaswa na kamba ya mtego wa kaa kwenye pwani ya Florida, Marekani. Kamba ikambana mpaka damu ikawa haifiki mkiani, mkia ukaharibika, akaukosa. Wakampeleka kituo cha viumbe wa bahari cha Clearwater. Kule akajifundisha kuogelea upya, ila kwa kujipinda ubavu kwa ubavu, wakati pomboo hupiga mkia juu na chini. Wakaona akiendelea hivyo uti wa mgongo utaharibika, ndipo mafundi wanaotengeneza viungo bandia vya watu wakamtengenezea mkia. Na kwenye filamu, sehemu kubwa unayemwona ni Winter mwenyewe. Mtoto anayempenda ndiye wa kutungwa.

Profesa alitazama bila kupepesa. Mjomba alikuwa kavuka na pantoni kutoka Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, kaleta pweza wakavu na kuja kumwona Mama, na yeye alitazama kwa jicho moja huku anamenya ming'oko. Anaubana mng'oko kwa kigutu cha mkono wa kushoto juu ya goti, kisu kiko kulia, na ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Mimi mwenye mikono miwili ganda langu hutoka vipande vipande.

Huo mkono wa Mjomba nimeshautaja humu, na sikuwahi kuueleza. Pwani hii mvuvi wa umri wake asiye na kiganja haulizwi. Nyumbani inaitwa "ajali ya baharini", inaishia hapo. Nilipokuwa mdogo baruti ya kuvulia samaki, ile ya kwenye chupa, ilikuwa inapigwa mchana kweupe, mlio tunausikia tukiwa darasani, mwalimu anasubiri upite kisha anaendelea. Utambi ukiwa mfupi, ndiyo hivyo tena. Samaki aliyepigwa kwa chupa ile hupasuka kifuko chake cha hewa, wengi wanazama hata hawaokotwi, na matumbawe yanabaki kifusi. Siku hizi tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi tangu mwaka 2000, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza, na anayewafokea vijana kuliko wote ni Mjomba huyo huyo. Ila kuhusu mkono wake hajawahi kunipa sentensi iliyonyooka. Ukimbana sana anasema, "Nimeuweka rehani baharini," anageukia habari nyingine.

Sasa ikafika pale wanapomvisha Winter mkia. Kwanza unatangulia mfuko laini wa jeli usimchubue, kisha mkia wenyewe. Muziki huo. Nami tayari natafuta pindo la kanga. Mjomba akauliza.

"Mkia ule shilingi ngapi?"

"Walimpa bure, Mjomba. Wale mafundi walijitolea."

"Bure."

"Ndiyo."

"Basi kabahatika, samaki yule."

"Pomboo si samaki, Babu," Profesa akadakia. "Ananyonyesha."

"Haya, kabahatika mnyonyeshaji yule."

Tukacheka wote. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mjomba akachukua mng'oko mwingine, filamu ikaendelea, Winter akapona, watu wakapiga makofi.

Jumapili nafua, "shilingi ngapi?" Jumatatu kwenye daladala kutoka Mikindani kwenda mjini, konda anadai nauli, na mimi nasikia "bure". Jumatano pale mizani, mkulima anasimulia habari za shamba lake na mikorosho yake iliyougua, mimi naitikia tu. Kilichonikaa ni kwamba wakati anauliza hakutazama runinga wala hakunitazama mimi. Alimtazama Mama. Na lile "bure" hakulisema kwa mshangao, alilisema kama anaandika kwenye daftari la deni.

Usiku nikaingia kwenye simu kusoma habari za Winter. Alifariki tarehe 11 Novemba 2021, ana miaka 16. (Profesa hajui, na ninyi mnaomfahamu naomba midomo ifungwe.) Mkia wenyewe alikuwa havai kutwa, anavishwa kwa muda wakiwepo walezi wake. Halafu nikakuta jambo lililonikalisha kitandani: ile jeli iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi ya pomboo baadaye ilianza kutumika kwa watu waliokatwa viungo. Pomboo kapata kwanza, binadamu kafuata.

Na hapo ndipo nilipozichukia kidogo filamu zangu nizipendazo. Mnyama wa kwenye filamu hana kesi. Hakuna anayemwuliza pomboo alikuwa anatafuta nini karibu na mtego wa mtu. Anaokotwa, anapewa jina, anapewa ndoo ya samaki. Binadamu akija na jeraha lake, swali la kwanza ni ameumiaje, na jibu likiwa baya, huruma inarudi mfukoni. Mpe Mjomba muziki ule wa vinanda na mtoto wa kumshika bega, bado mtazamaji atataka kwanza kujua ile chupa ilikuwa ya nani.

Nilikuwa nimefika huko, nimekasirika hasa, nikamfuata Mama jikoni Alhamisi. Anachambua mchele. Nikamuuliza kama Mjomba aliwahi kutaka mkono wa bandia.

"Aliulizia," akasema, hakuinua hata uso. "Wakamtajia bei. Karudi hapa kanuna, anasema kwa hela ile anapata nyavu, na mkono wenyewe haufungui hata fundo. Mimi nikamwambia chukua mkono, nitauza mbuzi. Hakutaka. Tulinuniana mwezi mzima. Nyavu akanunua."

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Alikuwa ananichokoza mimi. Wewe ulidhani anasema na nani?"

Jamani. Wiki nzima nabeba msiba, kumbe ni utani wa mtu na dada yake, utani ambao umri wake unakaribia wangu! Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Nusu yake naamini ni utani. Nusu nyingine nimeiacha jikoni palepale, Mama aendelee kuichambua na mchele wake.

Halafu kuna la bata, ambalo kwa sababu ya kununa nilisahau kuwasimulia. Jumapili asubuhi bata wa jirani alikanyagwa na pikipiki, mguu ukawa unaning'inia. Mnajua aliyemkimbilia. Profesa kakata kijiti cha mwarobaini, kafunga kwa kipande cha kanga yangu (mpya), fundo likafunguka kabla bata hajasimama. Mjomba alikuwa anasubiri bodaboda impeleke kwenye pantoni. Akachuchumaa, akamlaza bata chini ya kwapa la kushoto, ncha moja ya kitambaa akaing'ata, ncha ya pili akaizungusha kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta kwa meno. Fundo la nyavu lile, halitoki.

"Daktari," akamwuliza Profesa, kitambaa bado mdomoni, "huyu ni wa kupona au wa nazi?"

"Wa kupona, Babu."

"Basi mwambie mwenyewe amwache kwanza."

Mwenyewe kakubali, ila anasema harusi ya bintiye ni mwezi ujao na hajaahidi kitu. Bata kahamia chini ya simtanki letu, anachechemea, anachafua kila mahali, na Profesa hataki kusikia habari ya muvi nyingine kwa sasa.

Mengine ni ya kazini. Tandahimba wameshaanza kupata mvua, mawingu jana yalikuwa upande wetu, na ghalani kuna magunia yamepangwa mpaka karibu na dari chini ya lile bati lililolegea upande wa mashariki. Korosho ikishika unyevu inashuka daraja, na mkulima hataki kusikia habari za bati. Fundi aliahidi Jumanne. Leo ni Ijumaa, simu yake haipatikani.