Daftari la Bo-Kaap

Nilifika Cape Town nikiwa na shati moja la mwilini na bila karatasi hata moja. Sanduku langu lilibaki njiani, na ndani yake zilikuwamo kurasa 12 za mada niliyoalikwa kuiwasilisha katika warsha ya siku 3 kuhusu Uislamu, haki za jamii na historia ya dunia. Mhudumu wa uwanja wa ndege aliandika malalamiko yangu kwa upole mwingi na hakuniahidi lolote. Teksi ilinitoza randi 450. Waandaaji walisema wangenirudishia fedha hizo nikileta stakabadhi, na dereva hakuwa na stakabadhi.

Siku ya kwanza sina la kuisimulia, isipokuwa baridi ya ukumbini.

Siku ya pili asubuhi tulipelekwa Dorp Street, katika mtaa wa Bo-Kaap, kwenye Msikiti wa Auwal, ambao hutajwa kuwa ulianzishwa mwaka 1794. Humo, nyuma ya kioo, umo msahafu ulioandikwa kwa mkono na Tuan Guru, mwanachuoni wa Tidore, kisiwa cha Indonesia ya leo, ambaye Waholanzi walimhamisha kwa nguvu na kumfunga katika kisiwa cha Robben mwaka 1780. Husimuliwa kwamba aliuandika kwa hifadhi ya moyoni. Mimi niliyekuwa nikiomboleza kurasa 12 nilizozitunga mwenyewe nilisimama mbele ya kioo kile nikaona haya. Kiwanja cha msikiti kilikuwa mali ya mwanamke aliyeitwa Saartjie van de Kaap. Baba yake, Coridon, alitoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), mama yake, Trijn, Bengal, nao walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Kijana aliyetuongoza aliyataja majina hayo jinsi mtu anavyotaja majina ya shangazi zake.

Mchana ilifika zamu yangu, nikasema niliyoyakumbuka: namna Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, katika visiwa vya Komoro, akaweka maskani kwetu Lamu, alivyowafundisha watoto wa watumwa, jambo ambalo wakubwa wengi wa mji hawakulipenda. Mama mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliniuliza majina ya wanafunzi wale. Ninayo majina ya masharifu, na silsila zao naweza kuzifuata hadi Hadhramaut, huko Yemen, lakini ya wanafunzi sikuwa nayo. Hata sanduku lingalikuwapo, yasingalipatikana humo.

Baada ya kikao mzee mmoja wa mtaa ule alinifuata na mfuko wa karatasi. Alikuwa amesikia kwamba natoka pwani ambako Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, naye alikuwa na daftari la nyanya yake, la madrasa, lililoandikwa Kiafrikana kwa herufi hizo hizo. Tuliketi kwenye ngazi za nje. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, na kila herufi ilikuwa imetiwa irabu kwa uangalifu, kama juzuu ya mtoto. Nikaanza kusoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, bila kuelewa neno hata moja. Mzee alifumba macho kusikiliza. Mstari wa tatu akaanza kucheka, kisha akaumalizia kabla yangu: ilikuwa ni namna ya kutia udhu, mikono hadi viwiko. Yeye lugha anaijua lakini hati hakuwahi kufundishwa. Mimi hati ninayo na lugha sina. Tuliendelea hivyo, mimi nikiwa ulimi na yeye sikio, mpaka alasiri ilipoadhiniwa. Sijapata kusoma kwa raha kama ile.

Alipokuwa akilifunga daftari alisema, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia udhu, kwamba mama wa nyanya yule alizaliwa na mtu aliyenunuliwa. Kisha akaniuliza, «Na nyinyi je, watu wako ni akina nani?»

Lamu swali hilo haliulizwi hivyo, na likiulizwa, jawabu lake ni ukoo wenye heshima, wa kweli au wa kuazima. Nyumbani kwetu yuko bibi mmoja ambaye jina la baba yake halitajwi kamwe. Nilipokuwa mdogo niliuliza mara moja, nikatumwa dukani. Nimesoma hati za mji ule kwa miaka mingi, nimeandika juu ya watoto wa watu wengine, na huyo sikuwahi kumtafuta.

«Sisi ni watu wa Langoni,» nilimjibu. Mtu wa Lamu angeelewa kitu kutokana na jina la mtaa huo. Mzee hakuwa na la kuelewa; alitikisa kichwa kwa adabu, akangoja kidogo, kisha akaniambia «tramakassie», yaani asante, na kulirudisha daftari mfukoni.

Sanduku lililetwa alfajiri ya kuondoka. Niliombwa randi 120 za kuletewa.