Kesi ya mdogo wangu ilikuwa kesi ya saa

Kila aliyekuja msibani alituachia ushauri. "Mwachieni Mungu." "Polisi wanajua kazi yao, msiwaingilie." "Chukueni hizo pesa mmalize, kesi za barabarani haziishi." Huyu wa mwisho, nikaja kusikia baadaye, anajuana vizuri na familia ya dereva.

Mdogo wangu aligongwa kwa nyuma usiku akiwa kwenye baiskeli yake. Aliyemgonga alikuwa ananuka pombe, na waliofika mwanzo wote walisema hivyo. Lakini harufu haina tarakimu, na mahakama inataka tarakimu. Kipimo cha pumzi kilipoletwa barabarani hakikuwa na chaji. Mtu akapelekwa hospitali kutolewa damu, wakazunguka naye weee, damu ikatoka saa 5 na robo usiku. Ajali ilikuwa saa 2 na kitu. Majibu: gramu 0.06 kwa kila mililita 100 za damu. Sheria iliyotuhusu inaanza kukukamata kwenye 0.08. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi 0.05, ila kubishana na sheria iliyokwisha kuandikwa si kazi ya mfiwa.

"Dada, yuko chini ya kiwango," mpelelezi akaniambia, kwa sauti ile ya kumwonea mtu huruma.

Mimi ni mtunza hesabu. Naishi kwa kukagua risiti za watu na kuwaudhi. Nikamuuliza: afande, hiyo 0.06 ni ya saa ngapi? Akanitazama kama nimechanganyikiwa kwa msiba. Basi nikaenda kusoma. Ini la mtu halisimami; pombe ikishaingia yote kwenye damu, inashuka kwa kama 0.010 hadi 0.020 kila saa ipitayo. Hesabu za namna hii ziliwekewa msingi na mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, na wakemia wa mahakama wanazitumia hadi leo. Sasa chukua 0.06, rudi nyuma masaa matatu. Hata ukimpendelea dereva kwa kiwango cha chini kabisa, unapata 0.09. Usipompendelea, 0.12.

Nilijiona bingwa kwa usiku mmoja. Mkemia akanishusha taratibu: hesabu hiyo haisimami bila saa mbili zenye uhakika, saa aliyomaliza kunywa na saa aliyogonga. Kama glasi ya mwisho ilikuwa bado tumboni wakati anagonga, kurudi nyuma hakuna maana. Tangu hapo daftari langu likawa na safu moja tu, ya saa.

Saa ya kugonga ilikuwa kwenye baiskeli yenyewe. Mdogo wangu alifunga kwenye usukani kile kidude cha kurekodi safari, kinachochukua saa kutoka kwenye setilaiti. Kioo kilipasuka, faili likabaki zima. Kilomita 24 kwa saa, 24, 25, halafu mruko wa ajabu, halafu sifuri. Saa 2:17 usiku. Sikuliangalia mara ya pili.

Saa ya kunywa ilipatikana kwenye risiti. Hiyo sikuifuata mwenyewe, nilimkumbusha tu mpelelezi kwamba kila baa yenye mashine ya risiti ina kumbukumbu, mpaka akachoka na mimi akaenda. Kinywaji cha mwisho kiliingizwa saa 12:40 jioni.

Zikabaki kamera, na hapa ndipo nina hasira. Wakili wetu wa kwanza alituambia tuandike barua rasmi kwa wenye jengo linalotazamana na barabara, kisha tusubiri. Barua nzuri sana, ina muhuri, tumeilipia. Ilikuja kujibiwa kwa heshima zote: picha za tarehe husika hazipo tena. Kamera hizi zina diski, na diski ikijaa picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani. Wakati barua yetu imelala mezani kwa mtu, ushahidi ulikuwa unajifuta kila saa. Ukitaka picha za kamera, nenda kwa miguu yako, nenda mapema, barua ikufuate nyuma.

Nikatembea njia aliyopita, nimeinua shingo natafuta kamera hadi watu wakaanza kunikwepa. Kabla kidogo ya pale alipogongwa kuna kituo cha mafuta. Kijana wa zamu akaniambia, "Dada, mimi bosi wangu hataki mtu aguse mashine." Nikamwambia sigusi, mdogo wangu, niangalizie tu. Akanikalia kimya kwanza, halafu akauliza ni yule wa baiskeli? Alikuwa amemwona akipita siku zote. Akafungua.

Baiskeli inapita, taa nyekundu ya nyuma inawaka na kuzima. Nusu dakika baadaye gari linapita, linakula mstari wa pembeni. Saa kwenye pembe ya skrini: 2:27.

Yaani kwa saa ya kamera, mdogo wangu alipita pale akiwa hai dakika kumi baada ya kufa.

Kijana akasema labda ni mtu mwingine. Wakili wa utetezi naye angesema hivyohivyo, ila kwa bei kubwa zaidi: baiskeli nyingine, gari jingine, mteja wangu hahusiki. Lakini mimi nimeshaona rejista za mauzo zenye saa iliyopotoka, najua mashine inaweza kudanganya mwaka mzima bila kukosea hata sekunde. Nikatoka nje, nikafungua kwenye simu saa ya mtandao inayoonyesha sekunde, nikaiinua mbele ya lenzi kama refa anayetoa kadi. Wateja wakacheka. Tukarudi ndani tukajiangalia: simu inasema saa 10:04, kamera inasema 10:15. Dakika kumi na moja mbele! Toa kumi na moja kwenye 2:27 unapata 2:16, na kutoka pale hadi alipoangukia ni mwendo wa kama dakika moja kwa baiskeli. Nilipiga kigelegele kwenye kituo cha mafuta, msiba au si msiba.

Sikubeba picha. Hili nasisitiza, maana ndugu wengi wanakimbilia kujirekodia na kusambaza. Nilimpigia mpelelezi nikakaa palepale kwenye ndoo iliyogeuzwa hadi akaja akazichukua kwa karatasi na saini, na jaribio la saa akalirudia mwenyewe. Kielelezo kilichopitia mikononi mwa dada wa marehemu kingekuwa zawadi kwa utetezi.

Familia ya dereva ilikuja na bahasha na karatasi ya kusaini kwamba tumesamehe na hatuna madai. Bahasha ilikuwa nene kiasi. Hatukusaini. Baiskeli nayo ilitaka kurudishwa kwa kuwa inajaza nafasi kituoni. Tuliomba kwa maandishi ibaki kielelezo, isioshwe. Chini ya kiti ilikuwa na gamba la rangi ya gari, dogo kama ukucha wa mtoto. Ingeoshwa, lingekwenda na maji.

Mahakamani tuliahirishwa na kuahirishwa. Nenda kila tarehe hata kama unajua itaahirishwa. Mwendesha mashtaka ana majalada mengi, na lako litakumbukwa kama kuna uso uliokaa benchi la mbele. Utetezi walianza na kichupa cha damu: kilikuwa na dawa ya kuzuia kuchachuka? Ngozi ilipanguswa kwa spiriti? Mkemia alikuwa na majibu yote. Wakahamia kwenye ile hadithi maarufu, kwamba mteja alikunywa baada ya ajali, kutuliza mshtuko. Bahati mbaya kwake, mashahidi wawili walikaa naye tangu alipogonga hadi polisi walipofika, na mkononi alikuwa na simu tu. Mwisho wakasema marehemu hakuwa na taa. Hakimu akaomba picha zirudishwe nyuma, zikachezwa tena, taa ikawaka na kuzima mbele ya ukumbi mzima.

Alipatikana na hatia. Kifungo ni kifupi kuliko nilivyotaka, leseni amenyang'anywa kwa miaka. Amekata rufaa.

Sasa tuko kwenye madai ya fidia, na wakili mpya anayepokea simu. Huku mzigo wa kuthibitisha ni mwepesi kuliko kwenye jinai, na hukumu ile tunaitumia. Barua ya kwanza ya watu wa bima imeuliza kama marehemu alikuwa akionekana barabarani. Nimewatumia nakala ya hukumu, na ile sehemu ya taa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.