Usiku ganzi ilipoisha

Juzi mtoto wa sista kaniona na bukta, kaona kovu la goti, kaniuliza, "Mjomba, hapo uling'atwa na nini?" Nikamwambia mamba, akatoka mbio kwenda kutangaza kwa wenzake. Ila akanirudisha mbali.

Goti lenyewe lilikufa kwenye ndondo, mpira wa mtaani, ligamenti, ile kamba inayoshikilia goti, ikakatika. Na operesheni sina cha kusimulia, walinilaza, wakaganzisha mguu, wakakata kano ya nyuma ya paja wakaifanya ligamenti mpya, jioni niko home nachati na washkaji najiona chuma. Nesi alishasema usisubiri maumivu yaje, meza dawa kabla ganzi haijaisha, yakishapanda kuyashusha ni kazi. Sista akatega alamu saa sita usiku. Bi mkubwa akaizima. Mtu kalala zake, aamshwe ameze dawa ya maumivu, maumivu yenyewe yako wapi?

Saa nane yakaja. Kwanza kidole gumba kikaanza kuwasha, nikafurahi kabisa mguu unarudi, kumbe, dakika chache tu goti zima linakazwa kama nati, kila moyo ukidunda na lenyewe linadunda. Nikang'ata khanga ya mama. Tramadol, dawa yenyewe ya maumivu, nikapewa, lakini kidonge hakina haraka, karibu saa zima unakisubiri wewe tu. Barafu ya kawaida hamna, kwenye friza zipo zile za ubuyu za biashara, nyekundu, mama akakunja taulo akazipanga juu ya goti kama anapanga mezani. Moja ikapasuka. Umeme hamna, sista kawasha tochi ya simu, bandeji yote nyekundu, mama kapiga yowe nyumba nzima, "Mwanangu anavuja damu!" Sista kagusa, kalamba kidole. "Mama, ni ubuyu." Nikacheka, na kucheka kule goti lilinijibu sitaki hata kukumbuka.

Baada ya hapo ni panadol kwa saa, magongo, kichefuchefu cha tramadol na choo kugoma, na fizio anayenyoosha goti huku anakuuliza habari za Simba.

Mama mpaka leo anasema ule usingizi ndo ulinipa nguvu ya kuvumilia. Sista anasema ningemeza saa sita kusingekuwa na cha kuvumilia. Mi huwa nanyamaza, maana yale masaa nililala kweli, na wiki nzima iliyofuata sikulala tena vile. Hela ya barafu zake mama alinidai lakini.